IST ya 2004, kilomita 186,000, oili ya giaboksi haijawahi kuguswa: nimwage au niiache?

NYUKI WA ISEVYA (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa mafundi na wenye gari za umri mkubwa.

Nimenunua IST ya mkononi hapa Tabora, toleo la 2004, injini ya 1NZ, otomatiki ya gia nne. Dashibodi inasoma kilomita 186,000 na kitu, na dashibodi za gari zilizotoka Japani mnazijua wenyewe, siwezi kuiapia. Aliyeniuzia ni mzee mstaafu. Gari ameitunza, oili ya injini ana daftari kabisa lenye tarehe. Nilipomuuliza ya giaboksi akaniambia, "Hiyo mwanangu sijawahi kuigusa, na wewe usiiguse."

Nimechomoa stiki ya kupimia oili. Oili si nyekundu tena, ni kahawia iliyokolea. Ukiipangusa kwenye karatasi nyeupe na kuiacha itambae, pembeni unaona wekundu kwa mbali. Harufu ya kuungua sijaisikia. Gia zinaingia zote, R na D haichelewi, ila asubuhi ikitoka ya 2 kwenda ya 3 inashtuka kidogo mpaka ipate moto.

Matumizi yangu ni asali. Natoka mjini naenda Sikonge, lami nzuri, halafu naingia vijijini kwenye mchanga, narudi na madumu.

Fundi wa kwanza kasema oili ya zamani ndiyo imeishikilia giaboksi, nikiimwaga nimeiua. Wa pili kasema imwagwe yote kwa mashine mpaka itoke nyekundu. Wa tatu kasema inaongezwa tu. Sasa mimi nimsikilize nani?

KICHWA NGUMU

Dada iache hivyo hivyo. Nilikuwa na Mark II GX110, inatembea vizuri tu. Nikadanganywa nibadilishe oili ya giaboksi. Haikumaliza mwezi, D ikawa haivuti, unakanyaga mafuta injini inalia gari imesimama. Nikanunua giaboksi nyingine ya mtumba kutoka Dar. Kitu kinachofanya kazi usikiguse.

DAGAA MCHELE

Huku Ujiji tuna mawese, na yenyewe ni mekundu. Jaribu lita nne.

(Natania dada, usije ukafanya kweli. Nafuatilia uzi, na mimi nina Raum ya kabila hilo hilo.)

MWANA WA RELI

Nimeweka kambi hapa. Swali hili kila fundi ana dini yake.

FUNDI WA GUNGU

Dada Nyuki, mimi fundi, niko Kigoma, giaboksi otomatiki ndizo zinazonilisha. Naandika kirefu kidogo, wenye haraka mruke.

Kwanza tujue oili hii inafanya nini, maana wengi wanadhani ni ya kulainisha tu. Ndani ya otomatiki hakuna klachi moja kama ya manyuo. Kuna mafungu ya sahani nyembamba: moja ya chuma tupu, inayofuata imegandishwa kitambaa cha msuguano, tena ya chuma, hivyo hivyo, na zote zimelowa kwenye oili. Kinachozibana zishike ni presha ya oili yenyewe. Pampu inaisukuma, valvu bodi inaigawa, solenoidi zinafungua na kufunga njia kwa amri ya kompyuta. Halafu toki konveta, lile dude linalokaa kati ya injini na giaboksi, linapeleka nguvu ya injini kwa kuizungusha oili hiyo hiyo. Kwa hiyo ATF, yaani oili hii ya otomatiki, inalainisha, inapooza, inasukuma, na imechanganywa dawa zinazoamua klachi ishike kwa ulaini au kwa kishindo.

Dawa hizo zinakwisha. Kinachozimaliza ni joto zaidi ya kilomita. Dada amesema anaingia kwenye mchanga na mzigo. Dumu la lita 20 la asali halina kilo 20, asali ni nzito kuliko maji, lina karibu kilo 28. Madumu kumi ni kilo 280, sawa na watu wanne wazima, na dereva yupo. Kwenye mchanga gari inakwenda polepole, injini inazunguka kwa nguvu, toki konveta haijajifunga, kwa hiyo nguvu nyingi inaishia kuchemsha oili. Gari hiyo ikitembea kilomita 20,000 kwa kazi hiyo, oili yake imechoka kuliko ya gari ya ofisini iliyotembea 60,000.

Sasa hii ya "ukimwaga umeiua". Sitaki kusema ni uongo mtupu, kuna kitu ndani yake. Klachi zikilika, unga wake unaelea kwenye oili. Giaboksi iliyokwisha kabisa inaweza kuwa inapata mshiko kidogo kutokana na ule unga. Ukiweka oili safi, mshiko ule mdogo unaondoka na dawa mpya za kusafisha zinabandua uchafu uliokuwa umelala. Gari inaanza kuteleza waziwazi. Lakini kitambaa kilishaisha kabla oili mpya haijaingia. Kuilaumu oili hapo ni sawa na kumlaumu mganga aliyeitwa mgonjwa akiwa ameshakata kauli.

Kwa hiyo mimi siulizi oili ina miaka mingapi. Nauliza giaboksi ina hali gani leo. Ya kwako haitelezi, haichelewi R wala D, oili haijaungua. Ibadilishe, ila kwa upole, na mashine usiikaribishe.

KICHWA NGUMU

Fundi umeandika vizuri lakini ya kwangu ilikuwa nzima kabla ya kumwaga. Hilo hunibadilishi.

FUNDI WA GUNGU

Kichwa Ngumu, mkuu wangu, naomba nikuulize matatu. Kwa nini ulishauriwa kubadilisha? Asubuhi ukiweka R ilikuwa inaingia hapo hapo? Na waliweka oili gani?

KICHWA NGUMU

R ilikuwa inachelewa kidogo asubuhi, ndiyo, unahesabu moja mbili tatu halafu inashika. Ndiyo maana nikaambiwa nibadilishe. Lakini ilikuwa INATEMBEA. Oili ilikuwa nyekundu, kwenye kopo nyeupe, jina silikumbuki.

FUNDI WA GUNGU

Basi nimekuelewa. R inayochelewa mpaka uhesabu tatu ni presha inavuja ndani au sili na klachi zimechoka. Hapo ilishaanza safari. Na "oili nyekundu" siyo jina la oili, karibu zote ni nyekundu. GX110 inataka T-IV, aina ya ATF ya Toyota. Ikiwa walikuwekea ile ya kujazia pawa stiaringi, ndiyo wakamalizia kazi.

KICHWA NGUMU

Inawezekana. Lakini nisingegusa ningekuwa naiendesha mpaka leo.

MWANA WA RELI

😂😂 Jina umejipa mwenyewe mkuu.

MAMA NOAH KASULU

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi napiga Kasulu na Kigoma mjini kila wiki na Noah, abiria na mizigo. Ziwa liko chini, mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari, Kasulu tuko juu zaidi sana, kwa hiyo kurudi nyumbani ni kupanda. Noah ya kwanza ilinifia giaboksi nikiwa napanda, na oili yake haikuwahi kubadilishwa hata siku moja tangu itoke kwa Mjapani. Kwa hiyo wanaosema ukimwaga inakufa, mimi yangu ilikufa bila kumwagwa. Zinazokufa kimyakimya hakuna anayezihesabu, zinazokufa baada ya gereji ndizo zinapata hadithi.

Hii ya sasa nabadilisha kila kilomita 40,000. Ni AZR60 ya mwanzo, gia nne, T-IV. Angalizo kwa wenye Noah na Voxy: zile zilizobadilishwa sura, kuanzia 2004, nyingi ni CVT, otomatiki ya mkanda na puli. Msiangalie umbo la gari mkadhani oili ni moja.

DAGAA MCHELE

Mama Noah, hilo la kuhesabu umelipiga pale pale.

SPEA GEREZANI

Nawauzia watu oili Dar, Kigoma na Tabora nawatumia kwa basi. Naongeza ya upande wangu, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotea.

IST za kwanza kama ya dada, zenye namba ya modeli NCP60 au 61, zinataka T-IV. Huna haja ya kuniamini mimi wala fundi, chomoa stiki ya giaboksi uisome, imepigwa mhuri kwenye chuma. IST mpya, zile za 2007 kuja juu, nyingi ni CVT, hizo zina oili ya CVT, Toyota wanaiita TC na baadaye FE. Gari za Toyota zilizofuata baada ya T-IV zikaja na WS. WS ni nyepesi kuliko T-IV, na Toyota wenyewe hawasemi uiweke badala ya T-IV. Nissan za CVT ni NS-2 au NS-3. Honda za zamani Z1, ambayo nafasi yake imechukuliwa na DW-1. Mitsubishi nyingi za gia nne ni SP-III.

Kosa baya kuliko yote ninaloliona ni ATF kuwekwa kwenye CVT. CVT haina mafungu ya klachi ya kubadilisha gia, ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na unashika kwa sababu oili yake imetengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiweka ATF mkanda unateleza, unakwaruza puli, na hakuna fundi wa kukurudishia.

Feki zipo. Kopo lisiwe na sili iliyochezewa, maandishi yasiwe yanafutika kwa kidole, na anayekuuzia nusu bei ya wenzake jiulize yeye anapata wapi faida.

NYUKI WA ISEVYA

Asanteni sana. Nimeisoma stiki, kweli imeandikwa T-IV, miezi yote hii naishika wala sioni. Fundi wa Gungu, nina maswali. Umesema "kwa upole", upole ni upi? Na yule fundi wa tatu wa kuongezea tu, yuko sahihi kiasi gani?

FUNDI WA GUNGU

Naanza na wa tatu. Oili ya giaboksi hailiki kama ya injini. Ikipungua, imevuja mahali, tafuta mahali. Ukiongeza bila kupima unaweza kuizidisha, na ikizidi gia zinazunguka ndani yake zinaitoa povu, povu halina presha, gari inateleza huku oili imejaa pomoni.

Kupima ni hivi. Gari iendeshwe ipate moto vizuri, isimame mahali tambarare, injini INAWAKA. Kanyaga breki, pitisha mkono P, R, N, D mpaka mwisho na kurudi, taratibu, kila sehemu usubiri kidogo, rudisha P. Chomoa stiki, pangusa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena. Isome upande wa moto, siyo wa baridi. Ukipima injini imezimwa itakudanganya kwamba imezidi, kwa sababu oili ya kwenye toki konveta inashuka.

Upole sasa. Ukifungua nati ya chini ya sampo, lile beseni la chuma chini ya giaboksi, IST inatoa lita tatu hivi. Jumla ndani tuseme lita sita na nusu. Nyingine imebaki kwenye toki konveta, kwenye valvu bodi na kwenye mipira ya kwenda rejeta. Kwa hiyo ukimwaga mara moja, oili mpya ni kama asilimia 46. Ukirudia, inafika 71. Mara ya tatu, 84. Kati ya mara na mara endesha kilomita elfu moja mpaka elfu mbili. Giaboksi inazoea, uchafu unatoka kidogo kidogo, na ukiona dalili mbaya baada ya mara ya kwanza unasimama hapo.

Mashine ya kusukuma yenyewe haina dhambi kwa gari iliyokuwa inabadilishwa tangu mpya. Kwa gari ambayo haijaguswa, inaweza kukokota tope lililolala kwenye sampo na kulipeleka kwenye vijia vya valvu bodi. Vijia vile ni vyembamba, chembe moja inatosha kuikwamisha valvu.

Mara ya kwanza waambie washushe sampo kabisa. Chujio lipo mle ndani, na kuna sumaku zimebandikwa chini. Sumaku zikiwa na tope laini la kijivu, hiyo ni kawaida ya umri. Ukikuta vipande, nyuzi za chuma, au mabaki meusi ya kitambaa, usiendelee na oili, anza kutafuta pesa ya giaboksi. Gasketi iwe mpya. Nati za sampo ni ndogo na zinakazwa kwa mkono mwepesi, anayezikaza kwa bega zima atakuachia uvujaji au uzi uliokatika.

MZEE WA KANYENYE

Vijana, nawasalimu. Dada Nyuki, hongera kwa kuuliza kabla ya kufanya.

Nimeendesha magari ya manyuo umri wangu wote, otomatiki nimeianza uzeeni. Lipo jambo moja sijalielewa. Baadhi ya watengenezaji wameandika kabisa kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha ya gari. Je, sisi wa Tabora tunajua kuliko waliolitengeneza?

FUNDI WA GUNGU

Shikamoo mzee. Swali zuri. Neno "maisha" limeandikwa na anayeuza gari jipya, na yeye anafikiria miaka ya dhamana na mnunuzi wa kwanza. Sisi huku tunalipokea gari likiwa na miaka kumi na tano na tunataka lifike thelathini. BMW waliandika ni ya maisha, wakati ZF, Wajerumani wanaowatengenezea BMW giaboksi zenyewe, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ikifika miaka 8. Mimi namsikiliza aliyetengeneza giaboksi.

MZEE WA KANYENYE

Marahaba. Hapo nimekuelewa. Na hilo la miaka 8 ni la huko kwenye baridi, wala hawajaiona Oktoba ya hapa.

BABA WAWILI URAMBO

Niongeze tahadhari moja. Mkwe wangu alipeleka gari kubadilisha oili ya INJINI, kijana wa gereji akaingia chini akafungua nati ya giaboksi akidhani ndiyo yenyewe. Akaimwaga ATF yote ya sampo, akaja juu akajaza oili ya injini juu ya ile iliyokuwepo. Injini ina oili mara mbili, giaboksi nusu tupu. Gari ilitoka getini ikaanza kuguna. Bahati alizima mapema. Kwa hiyo dada simama hapo hapo uone kinachotoka. Kikiwa cheusi tii mara nyingi ni injini, kikiwa na wekundu, hata kwa mbali, ni giaboksi.

MAMA NOAH KASULU

Na ikitoka pinki nzito yenye povu kama imepigwa sabuni, maji ya rejeta yameingia. Bomba la kupoozea ATF linapita ndani ya rejeta kwenye gari nyingi hizi, likitoboka vinachanganyika. Hiyo usiiendeshe hata kwenda sokoni, vutwa.

MTOTO WA IPULI

Nauliza kwa niaba ya wengi tunaosoma kimya: ni shilingi ngapi kazi yote?

SPEA GEREZANI

Bei zinapanda na kushuka, siandiki namba ambayo kesho mtanishikia fimbo. Piga hivi: oili kopo moja la lita nne kwa kila mara, gasketi na chujio mara ya kwanza tu, na ufundi wa nusu siku. Halafu uliza bei ya giaboksi ya mtumba pamoja na kuitoa na kuipachika. Linganisha mwenyewe.

KICHWA NGUMU

Mnamjaza dada maneno. Ikifa mtamchangia?

DAGAA MCHELE

Nitamtumia dagaa gunia moja, auze anunue giaboksi.

NYUKI WA ISEVYA

Wakuu nimerudi na mrejesho. Samahani kwa kimya, gasketi na chujio vilichelewa kufika.

Nimefanya. Nimempata fundi kijana, mtulivu, gereji yake iko chini ya mwembe. Nikamsomea alichoandika Fundi wa Gungu, hakununa, akasema "tufanye hivyo hivyo." Gari tuliizungusha kidogo ipate uvuguvugu, tukaipandisha kwenye jeki na vigogo. Oili ilitoka nyeusi kuliko nilivyotegemea, lakini iliposambaa kwenye beseni ukiielekeza juani unaona ni kahawia yenye wekundu. Fundi akaimimina kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, zikajaa mbili na ikabaki tone. Akasema hizo ndizo tunazorudisha, si zaidi.

Sampo ilivyoshuka nikainama kuangalia sumaku. Zilikuwa zimevaa tope la kijivu, nene kiasi cha kucha. Nikalichota nikalisugua kati ya vidole, laini kabisa, halina chembe inayokwaruza. Fundi akatabasamu, akasema giaboksi hii bado inataka kuishi. Akaziosha sumaku kwa petroli, akapangusa, akarudisha zilivyokuwa. Sampo ndani palikuwa na tope jembamba jeusi, akaliondoa kwa kitambaa mpaka chuma kikaonekana.

Tukajaza, tukawasha, tukapitisha gia, tukaizungusha mpaka Cheyo na kurudi, tukapima ya moto, tukaongeza kidogo sana.

Matokeo: ule mshtuko wa asubuhi wa 2 kwenda 3 umepungua, haujaisha. Zaidi ya hapo sijaona tofauti ya maana, gari haijawa ndege. Nimeshakwenda Sikonge na kurudi na mzigo. Haitelezi.

FUNDI WA GUNGU

Safi sana, na mpelekee salamu kijana huyo. Usitegemee muujiza mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya oili iliyomo bado ni ile ya mzee. Rudia ukifika elfu moja na mia tano, safari hii huna haja ya kushusha sampo, nati tu. Mshtuko ukibaki hata baada ya mara ya tatu, angalieni mauntini, ile mipira inayoshikilia injini na giaboksi, zikichakaa nazo zinaleta kishindo watu wanakisingizia gia.

Na punguza mzigo. Safari mbili za madumu matano zinakula mafuta zaidi, lakini kwenye mchanga giaboksi itakushukuru. Ukiwa huko ndani weka mkono kwenye 2 au L, usiiache D ikawa inapanda na kushuka gia kila dakika. Ukiona imechemka, simama, weka P, iache injini inguruma taratibu oili izunguke ipoe. Usiizime ghafla.

NYUKI WA ISEVYA

La madumu matano tutaongea na mfuko wangu 😅. La 2 na L nimelichukua.

KICHWA NGUMU

Subiri miezi sita ndiyo uje na mrejesho. Mimi siko mbali.

NYUKI WA ISEVYA

Nitakuja kaka, kwa heri au kwa shari nitaandika hapa hapa.

MZEE WA KANYENYE

Na mimi nimeagiza T-IV. Macho ni ya uzeeni, lakini stiki nimeisoma kwa miwani yangu mwenyewe.

DEREVA WA MARK X

Wakuu naombeni niingilie uzi wa dada. Niko Kigoma, Mwanga. Nina Mark X ya 2006, gia sita, nimetafuta stiki ya giaboksi mpaka nimechoka. Fundi jirani anasema imepotea, tununue nyingine.

FUNDI WA GUNGU

Haijapotea, haikuwekwa. Gari hiyo ni WS na giaboksi imefungwa, inapimwa kwa nati iliyo chini ya sampo, oili ikiwa na joto la digrii 40 hivi, injini inawaka, gari imenyooka juu ya jeki nne. Ikichuruzika kidogo kidogo imetosha. Ikitoka kwa kasi imezidi, isipotoka kitu imepungua. Joto lisomwe kwa mashine ya kupimia, siyo kwa kugusa na mkono.

DEREVA WA MARK X

Kwa hiyo naweza kumwambia afungue ya chini amwage, halafu tuone?

FUNDI WA GUNGU

Hapana! Aanze na nati ya kujazia, ile ya ubavuni. Wengine hawajaifungua tangu Japani, imeshika kutu. Ikikubali kulegea ndiyo aende ya chini. Ikigoma, bado una oili ndani na gari inatembea, unakuja nayo kwangu Gungu tunaihangaikia. Akianza na ya chini na ya juu ikagoma, utakuja kwa kuvutwa.

DEREVA WA MARK X

Nimekupata. Jumamosi niko kwako, saa tatu asubuhi.

FUNDI WA GUNGU

Njoo nayo ikiwa imepoa, na oili usinunue kwanza.